Kwa Nini Wanakwenda Lumumba

Julai 2024 wafanyabiashara wa Soko la Kariakoo waliandamana. Soko lao lilikuwa limeungua usiku wa Julai 10, 2021. Serikali ikalikarabati na kujenga jengo jingine pembeni, na muda wa kurudi ulipokaribia, Shirika la Masoko ya Kariakoo likatoa orodha ya watakaorejeshwa. Wapo waliotafuta majina yao humo wasiyaone, watu waliokuwa na vizimba vyao ndani ya soko lile kabla ya moto. Mahakama zipo. Diwani yupo, Halmashauri ya Jiji ipo, wizara ipo. Wao walishika njia ya Mtaa wa Lumumba, kwenye ofisi ndogo ya Chama Cha Mapinduzi, wakataka viongozi wa chama wawasikilize. Wakasikilizwa, na ndani ya siku chache meneja mkuu wa shirika akasimamishwa kazi.

Mtu aliyekulia Kariakoo haoni ajabu yoyote hapo, kwa sababu anajua mlango upi unafunguka. Linalonikaa moyoni ni jingine. Imekuwaje watu wapeleke shida zao mtaa uleule kwa zaidi ya miaka 70, ilhali bendera imebadilika, sheria zimebadilika, na hata jina la mtaa, uliokuwa ukiitwa New Street, limebadilika? Nionavyo mimi, utawala wa mji huu haukudumu kwa nguvu za waliokaa juu peke yake. Umedumu kwa sababu kila aliyekuja alirithi vyombo vya mtaani vya aliyemtangulia: orodha, kibali, kadi, na yule mtu wa kati anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwako. Na umedumu kwa sababu sisi wa chini nasi tumevihitaji vyombo hivyo ili maisha yaende.

Tuanze na wageni. Sultani Majid wa Zanzibar ndiye aliyeanza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, akafariki mwaka 1870 kabla haujakomaa. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, hawakuwafukuza maliwali, maakida na majumbe waliokuwa wakifanya kazi chini ya Sultani. Waliwaajiri. Kodi ilihitaji mtu anayejua nani anakaa wapi, na Mjerumani aliyeshuka jana melini hakujua. Mwaka huohuo wa 1891 wakatoa amri ya ujenzi iliyopanga nyumba za aina gani zijengwe wapi. Mji ukaanza kugawanywa kwa rangi bila kuitaja rangi. Ilitosha kutaja saruji, bati na makuti.

Waingereza waliingia Septemba 1916. Magharibi ya mji walikuta eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelipima kwa ajili ya Waafrika, wakalifanya kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na jina la Kariakoo likabaki. Wapagazi hao walikufa maelfu kwa maelfu katika vita ile, kwa njaa na maradhi zaidi kuliko kwa risasi, na inaniuma kwamba mamilioni ya watu hulitamka jina lile kila siku wakienda kununua nguo bila kuambiwa wametajiwa nani. Miaka ya 1920 mji ukagawanywa rasmi katika kanda tatu: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, Uswahilini magharibi. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja, kwa kisingizio cha afya.

Ndani ya Kariakoo yenyewe, mitaa ilinyooka kama mistari ya daftari. Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba yake, lakini ardhi ilikuwa ya Serikali naye akailipia kodi ya kiwanja. Nyumba zenyewe zinajulikana: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki, na wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Hapo likazaliwa tabaka ambalo wanahistoria wa vyama hulipita haraka mno. Mwenye nyumba wa Kariakoo alikuwa mtu wa kati kwa asili. Alimjua mpangaji, alijua ametoka Rufiji au Tabora, alijua kama ana kazi bandarini au hana. Serikali ilipotaka kujua, ilimuuliza yeye. Mpangaji alipokamatwa, alimkimbilia yeye huyohuyo.

Na kukamatwa kulikuwepo. Sheria za kikoloni zilimpa ofisa uwezo wa kumrudisha kwao Mwafrika asiye na kazi inayotambulika. Msako ulipopita Kariakoo, kilichomwokoa mtu kilikuwa karatasi, au kauli ya anayeheshimika kwamba huyu namfahamu. Walioitwa wahuni walipakiwa na kurudishwa vijijini, na baada ya muda wengi wakawa wamesharudi mjini.

Katika mitaa hiyohiyo, mwaka 1929, kikaundwa African Association. Cecil Matola alikuwa rais wake wa kwanza na Kleist Sykes katibu. Walikuwa makarani, walimu na watu wenye mali kidogo, na jengo la chama chao likasimama New Street. Baada ya Vita Kuu ya Pili chama kikaitwa Tanganyika African Association (TAA). Aprili 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, Julius Nyerere akachaguliwa kuwa rais wake akimshinda Abdulwahid Sykes, mtoto wa Kleist. Nitaje jambo moja kuhusu Abdulwahid ambalo naona lina uzito kuliko linavyopewa: kazi yake ya mchana ilikuwa usimamizi wa Soko la Kariakoo. Mtu aliyejua nani anauza nini, nani ana deni, nani anatoka wapi, ndiye huyohuyo aliyekuwa nguzo ya chama. Siasa na soko vililala kitanda kimoja tangu awali.

Mwaka huo wa 1953 Gavana Twining akawakataza watumishi wa Serikali kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Alidhani amekata miguu ya chama, kwa kuwa wengi wa waliojua kuandika walikuwa watumishi wake. Matokeo yake yalikuwa mengine. Makarani waliporudi nyuma, nafasi ikachukuliwa na watu ambao Gavana hakuwa na mshahara wa kuwanyima: wenye nyumba, wauza samaki, mashehe, mafundi cherehani, mama wa maandazi. TAA ilipogeuzwa kuwa TANU, chama kilichokuja kuzaa CCM, Julai 7, 1954, ikakuta mtandao umeshaiva. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji mashuhuri wa ngoma mjini, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake. Kikundi cha ngoma kilikuwa na mwenyekiti, mweka hazina, sare, michango na desturi ya kuzikana. Kilikuwa chama tayari. Kilichopungua kilikuwa kadi. Kadi zikauzwa nyumba kwa nyumba, nyingine kwa siri kwa sababu waume walikuwa watumishi. Wazee nao wakawa na baraza lao ndani ya TANU.

Naipenda sehemu hii ya historia yetu kuliko zote, na nasema hivyo nikijua nini kilifuata. Ulikuwa mtandao wa kupandisha malalamiko. Mama mmoja wa Mtaa wa Swahili au Sikukuu aliweza kusema neno jioni, kesho yake likafika New Street. Mkoloni alikuwa na polisi na magereza, lakini hakuwa na kitu cha namna hiyo, na ndiyo maana alishindwa kwa amani Desemba 9, 1961.

Halafu washindi wakawa Serikali, na Serikali ikahitaji macho. Mwaka 1963 machifu waliondolewa kisheria nchi nzima. Mkuu wa wilaya hakuondolewa. Alibadilishwa Mzungu akawekwa mtu wa TANU, na mpaka leo sheria inamruhusu mkuu wa wilaya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Kati ya mwaka 1963 na 1965, nchi ilipokuwa inaelekea chama kimoja, TANU ikaanza kupanga watu kwa mashina ya nyumba kumi kumi, kila shina na mjumbe wake. Kwa Kariakoo hilo halikuwa jambo la kigeni. Mjumbe aliyechaguliwa mara nyingi alikuwa mtu wa baraza ileile, aliyeuza kadi miaka ya hamsini, aliyejulikana kwa kusuluhisha wapangaji. Kilichogeuka ni mwelekeo. Mtandao uliokuwa ukipandisha maneno sasa ukawa unateremsha maagizo: mkutano saa kumi, mchango wa mwenge, mgeni aliyelala kwako ni nani na ameondoka lini.

Bibi Titi mwenyewe alikamatwa mwaka 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha na kuachiwa mwaka 1972. Leo barabara inayopita upande wa mjini wa Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake, na upande wa Kariakoo wa uwanja huohuo ndio Mtaa wa Lumumba.

Lakini tukisema mjumbe alikuwa jicho la Serikali tu, tutashindwa kueleza kwa nini watu walimpenda, au walau walimzoea. Kumbukeni miaka ya mwanzo ya themanini. Vita ya Kagera ilikuwa imekomba hazina, mafuta yamepanda, bidhaa hakuna. Serikali ilikuwa imeshajaribu kufunga maduka ya watu binafsi katika Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ikalazimika kulegeza. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mjini bidhaa adimu zikawa zinapatikana kupitia maduka ya kaya. Sukari, unga, mchele, sabuni. Ili upate mgao lazima kaya yako iwe imeandikwa, na aliyejua kaya ina watu wangapi alikuwa mjumbe. Mtu aliyeishi nyumba ya vyumba sita, kila chumba familia, alikuwa na sababu kubwa ya kumwamkia mjumbe wake vizuri. Mjumbe mwema aliandika watoto wote. Mjumbe mwingine alisahau. Hapo ndipo utawala unapoota mizizi, kwenye kilo mbili za sukari ambazo huwezi kuzipata bila mtu kukutaja.

Waingereza nao waligawa vyakula kwa vibali wakati wa Vita Kuu ya Pili, tena wakipima mahitaji ya mtu kwa rangi yake. Sisemi mjumbe wa 1983 alikuwa sawa na ofisa wa 1943. Hakuwa, alikuwa jirani, na njaa ilimkuta na yeye. Nasema chombo kilikuwa kilekile, na waliokishika safari hii walikuwa wetu, jambo lililofanya iwe vigumu zaidi kukipinga.

Kwenye ardhi mambo yako wazi zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitamka kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma chini ya usimamizi wa Gavana. Uhuru ulipokuja, Gavana akafutwa akaandikwa Rais. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ikazunguka nchi nzima ikisikiliza watu, na mwaka uliofuata ikapendekeza miliki ya msingi ya ardhi iondolewe mikononi mwa dola. Pendekezo likakataliwa. Sheria ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Miaka 76, tawala mbili zilizopingana kwa kila kitu, na hapo zikakubaliana.

Kwa mtu wa Kariakoo hilo lina maana ya kila siku. Biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, nyumba za udongo na mabati zikaanza kupanda thamani. Mwekezaji huja na mkataba: yeye anajenga ghorofa, mrithi wa nyumba anapata sehemu fulani ya jengo kwa makubaliano. Familia zilizokuwa na hati safi na mtu wa kuwasemea ziliingia mkataba zikiwa na nguvu. Zilizokuwa na mgogoro wa mirathi na karatasi ya zamani iliyochakaa zilisukumwa Mbagala, Gongo la Mboto au Tandika. Tabaka la wenye nyumba lililojenga TANU limesambaratika kwa namna hiyo, chumba kwa chumba, na sijaona hata mnara mmoja wa kuwakumbuka.

Halmashauri ya mji ndiyo inayovunjwa na kuundwa upya. Ilifutwa katika sera ya Madaraka Mikoani mwaka 1972, ikarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1996 ikavunjwa ikawekwa tume, ikarudi mwaka 2000. Februari 2021 Rais John Magufuli akaivunja tena Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Katika misukosuko yote hiyo, mwananchi wa Gerezani au Jangwani hakukosa siku moja mtu wa kumgongea mlango mtaani kwake. Baraza la waliochaguliwa linaweza kwenda likizo. Muhuri hauendi.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliwauliza Watanzania kama wanataka vyama vingi. Karibu asilimia 80 walisema tubaki na chama kimoja. Tume ikashauri vyama vingi viruhusiwe hata hivyo, tena ikaorodhesha sheria 40 kandamizi, nyingine za tangu Mwingereza, zifutwe au zirekebishwe. Vyama vikaruhusiwa Julai 1992. Kwenye zile sheria, kazi ilikwenda polepole. Wengine husoma ile asilimia 80 kama ushahidi wa woga, na woga ulikuwepo. Mimi naona na hesabu ya watu wazima. Chama ndicho kilichokuwa na mjumbe, na mjumbe ndiye aliyekuwa na barua ya utambulisho. Chama kipya kilikuwa na nini cha kumpa mama lishe anayetafuta nafasi kwa mtoto wake shuleni?

Kisheria, mfumo wa nyumba kumi ulibaki kuwa wa chama peke yake baada ya 1992, na kazi za Serikali zikahamia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Lakini desturi haikusoma sheria. Katika mitaa mingi bado unaanzia kwa mjumbe, naye anakuandikia mstari mmoja wa kukupeleka kwa mwenyekiti. Barua ya utambulisho yenyewe mmeiona: jina, namba ya nyumba, picha ndogo imebanwa kwa pini juu kulia, muhuri umegongwa nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi ili isibandikwe nyingine. Unaihitaji kwa akaunti ya benki, kwa pasi ya kusafiria, kwa kitambulisho cha taifa, kwa kumdhamini ndugu. Katika uchaguzi wa wenyeviti hao mwaka 2019, ambao chama kikuu cha upinzani kilijitoa baada ya wagombea wake wengi kuenguliwa, CCM ilishinda zaidi ya asilimia 99.

Hata Rais akitaka kusema jambo zito na nchi, mara nyingi huwaita wazee wa Dar es Salaam. Nyerere alizungumza nao Novemba 1978 alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin. Jakaya Kikwete aliwaita Mei 2010 kuzungumzia mgomo wa wafanyakazi. Samia Suluhu Hassan aliwaita Mei 2021, wiki chache baada ya kuapishwa. Katiba haina chombo hicho. Kina asili yake katika lile baraza la wazee la miaka ya hamsini, na kila rais hukikuta tayari.

Wafanyabiashara wenye maduka wamejifunza njia yao. Mei 15, 2023 waligoma, Kariakoo nzima ikafungwa kwa sababu ya kikosi kazi cha kodi na amri ya kusajili stoo. Siku chache baadaye, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikuwa Mnazi Mmoja anawasikiliza hadharani, akasitisha kikosi kile. Huo ulikuwa ushindi. Ila tazama ulivyokuwa: mkubwa alikuja, akasikia, akatoa amri. Mwaka 2024 mgomo ukarudi kwa malalamiko yanayofanana.

Machinga hana duka la kufunga. Alianza kuandamwa na sheria za kikoloni za wahuni, akaandamwa na Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, kisha sheria hiyohiyo ikampa leseni ya nguvukazi. Mwaka 2006 akaondolewa, akaahidiwa Machinga Complex. Desemba 2018 Magufuli akamuuzia kitambulisho cha shilingi 20,000 na kumwambia asibughudhiwe. Oktoba 2021 akaondolewa tena mbele ya maduka ya Kariakoo. Mtazame mgambo wanapotokea Mtaa wa Congo: mluzi mmoja unasikika, na kijana aliyetandika viatu juu ya turubai anashika pembe nne kwa mkupuo mmoja, mzigo unakuwa begani, na pale alipokuwa pamebaki lami. Kazi ile anaijua kuliko kuuza.

Sasa machinga nao wana shirikisho lao, SHIUMA, na viongozi wa kila eneo. Hao ndio wanaoitwa ofisini mpango wa kuhama unapotayarishwa, na ndio wanaojua nani apangwe wapi na nani ameingia juzi. Nimewasikia vijana wakiwalalamikia kwa maneno yaleyale ambayo wazazi wao waliwalalamikia wajumbe: fulani kaandika ndugu zake, fulani kataka kitu kidogo. Na bado asubuhi wanakwenda kuwasalimia, kwa sababu kijana akikamatwa na kupelekwa Kituo cha Polisi Msimbazi, mdhamini wake ataulizwa barua ya serikali ya mtaa, na mtu wa kumwombea barua hiyo kwa mwenyekiti ni yuleyule kiongozi wake.